Springi ngumu, mafuta mazito au kuhamisha shokapu: uchague nini kwa gari zito la rimoti

Traxxas X-Maxx, gari kubwa la rimoti, ina karibu kilo 8.7 kabla ya betri. Weka betri mbili za seli 4, bampa ya chuma na rimu kubwa, na umevuka kilo 10 bila kujua. Dalili huja polepole. Gari linakaa limeshusha makalio, tumbo linagonga chini kila likitua, kwenye kona matairi ya ndani yananyanyuka. Hapo mwenye gari anabaki njia panda: aagize springi ngumu, abadilishe mafuta ya shokapu, au ahamishe tu shokapu tundu moja bila kununua chochote?

Njia zote tatu hukaza gari, ila kila moja hukaza kitu chake. Springi hubeba uzito. Mafuta hupunguza kasi ya mkono wa tairi (kipande kinachounganisha tairi na chesisi) kupanda na kushuka. Kuhamisha shokapu kwenda tundu jingine la kufungia hubadilisha nguvu ya vyote viwili kwa pamoja. Wengi wanaoharibu gari ni wale waliotaka mafuta yafanye kazi ya springi, au springi ifanye kazi ya mafuta.

Kwa Dodoma swali hili halina jibu la kukariri, kwa sababu ardhi yenyewe haifanani. Asubuhi unaendesha kwenye viwanja vilivyopimwa na havijajengwa upande wa Iyumbu au Mtumba, ardhi nyekundu iliyokauka ikawa kama sakafu. Mchana uko kwenye korongo la mchanga mlaini, jioni juu ya mawe ya granite. Ukienda Bahi wakati wa mvua unakutana na tope jeusi la mbuga. Tena springi za gari kubwa hazipatikani duka la jirani. Mara nyingi ni kuagiza na kusubiri wiki kadhaa, kisha kifurushi kifike kwa basi kutoka Dar es Salaam. Kuagiza kitu kisichofaa kunauma.

## Kwanza hakikisha shokapu ni nzima

Usilinganishe chochote kabla ya hapa. Shokapu iliyoingia hewa hufanya springi nzuri ionekane laini na mafuta sahihi yaonekane mepesi.

Zifungue zote nne na utoe springi. Sukuma shafti (chuma chembamba kinachoingia ndani ya shokapu) taratibu mpaka mwisho: ukisikia chwi-chwi, au ikienda kwa urahisi kisha ikakaza ghafla, kuna hewa ndani. Viringisha shafti juu ya kioo. Iliyopinda itayumba, na hiyo itaendelea kula oringi (pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke) hata uweke mpya. Angalia chini ya shokapu: ukiona vumbi limegandamana kama uji mzito, oringi imekwisha na mafuta yanatoka. Vumbi laini la kiangazi hapa ndilo adui mkubwa wa oringi, kuliko hata kuruka.

Kisha pima uzito. Mzani wa jikoni wa kilo 5 unatosha, kwa sababu kila tairi hubeba kilo 2 hadi 3. Weka tairi moja juu ya mzani na matairi mengine matatu juu ya vibao vyenye kimo sawa na mzani, betri zikiwa ndani. Rudia kwa kila tairi na uandike. Tofauti ya kushoto na kulia ikizidi gramu 200, hamisha mzigo au betri kwanza.

Mwisho, nyanyua gari sentimita 30, liwe sawa, liachie. Tumbo linaruhusiwa kugusa ardhi kidogo, lisigonge kwa kishindo. Na gari lirudi juu mara moja tu, litulie. Likirukaruka, mafuta ni mepesi kwa springi hizo. Likishuka likabaki chini bila kurudi, mafuta ni mazito au springi imechoka.

## Vigezo vya kulinganisha

Tutazipima njia zote kwa mambo matano: urefu gari linaposimama, kutua kutoka juu, mwendo kwenye rafu, kona, na kazi ya kubadilisha pamoja na kinachoweza kuharibika. Hayalingani uzito kwa kila mtu. Anayeruka juu ya vifusi vya changarawe hatajali sana kona, na anayepanda mawe hatajali kutua.

## Njia ya 1: springi ngumu zaidi

Urefu. Hapa springi haina mpinzani. Tuseme tairi moja la nyuma linabeba kilo 2.7. Toa gramu 600 za tairi, rimu na habu, maana hizo hazikai juu ya springi. Zinabaki kilo 2.1, yaani nguvu ya niutoni (N) 20.6. Ukitaka gari lizame milimita 30 kati ya milimita 100 ambazo tairi linaweza kupanda, unahitaji ugumu wa 0.69 N/mm pale kwenye tairi. Lakini shokapu haijafungwa kwenye tairi. Imefungwa katikati ya mkono. Kama mkono una milimita 150 na shokapu iko kwenye milimita 90, uwiano ni 0.6, na ugumu hupungua kwa mraba wake: 0.36. Gawanya 0.69 kwa 0.36 upate springi ya karibu 1.9 N/mm. Fanya hesabu hii kwa vipimo vya gari lako kabla ya kuagiza, na kwa mbele na nyuma kivyake.

Kuzungusha nati ya juu ya springi, au kubandika vile vipande vya plastiki vinavyobana springi, hakukazi springi hata kidogo. Kunainua gari tu. Ukizidisha, springi inakuwa imebanwa kuliko uzito inaobeba, tairi linabaki limening'inia mwisho wa mwendo wake, na likikuta shimo haliwezi kushuka kulifuata. Ndiyo maana gari "lililoinuliwa vizuri" mara nyingi hudunda kwenye rafu.

Kutua. Hapa watu wengi hudanganyika. Gari la kilo 10 likianguka kutoka mita 1.5 linafika chini na nishati ya karibu jouli 147. Springi nne za mfano wetu, zikibanwa milimita 100 zote kwenye tairi, zinahifadhi jouli 14 hivi kwa jumla. Zifanye ngumu mara mbili: 28. Kinachobaki kinamezwa na mafuta, matairi na, bahati ikigoma, chesisi. Tena jouli ambazo springi imezihifadhi haziishi humo; inazirudisha, na ndipo gari linaporushwa tena juu likiwa limepinda upande.

Rafu. Springi ikizidi ugumu, tairi linaruka juu ya kokoto badala ya kulifuata. Kwenye barabara za changarawe zenye mawimbi kama bati utaona gari linaelea, usukani hausikii.

Kona. Linalala kidogo zaidi, jambo zuri kwenye ardhi ngumu. Kukaza nyuma pekee hufanya makalio yateleze kwenye udongo wenye vumbi juu. Kukaza mbele pekee hufanya gari ligome kukata kona.

Kazi na madhara. Kubadilisha ni dakika 5 kwa shokapu, bila kumwaga mafuta. Gharama iko kwenye kuagiza. Wapo wanaokata springi pete moja ili iwe ngumu. Kweli hukaza, lakini ncha iliyokatwa haikai bapa, springi inasimama imeinama, inasugua mwili wa shokapu na baada ya siku chache kuna mfereji kwenye alumini. Kuhusu unene wa waya: ugumu hukua kwa nguvu ya nne ya unene. Waya wa milimita 2.2 badala ya 2.0, pete zikiwa idadi na upana uleule, ni ngumu zaidi kwa karibu asilimia 46. Kwa jicho hutaona tofauti, kwa hiyo pima kwa venia (kipimo cha unene).

Jambo moja husahaulika: springi mpya hudai mafuta mapya. Ikikazwa kwa asilimia 25, uzuiaji wa mafuta unatakiwa uongezeke karibu asilimia 12, yaani kutoka cSt 500 kwenda 550 au 575 (cSt ni kipimo cha uzito wa mafuta; namba kubwa, mafuta mazito). Usipofanya hivyo, gari hudunda, na utalaumu springi.

## Njia ya 2: mafuta mazito na pistoni

Urefu. Hakuna kinachobadilika. Gari lililokaa chini na mafuta ya 500 litakaa chini vilevile na mafuta ya 900, ila litachukua muda zaidi kufika hapo.

Kutua. Hii ndiyo kazi yake. Kutoka mita 1.5 gari linagusa ardhi kwa mwendo wa mita 5.4 kwa sekunde, na shafti ya shokapu inaingia kwa zaidi ya mita 3 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mafuta yanayopenya kwenye matundu ya pistoni (kisahani kilicho kwenye ncha ya shafti, ndani ya mafuta) hutoa upinzani mkubwa sana, na nishati inageuka kuwa joto badala ya kurudi kukurusha.

Panda hatua ndogo: cSt 100 kwa 100, isizidi 200. Soma namba ya cSt kwenye chupa, achana na WT, kipimo kingine cha uzito wa mafuta, kwa sababu kila mtengenezaji ana WT yake. WT 50 ya Team Associated ni cSt 650, na WT 50 ya Losi ni cSt 710. Ukichanganya chupa mbili ukidhani ni kitu kimoja, mbele na nyuma havitalingana na hutajua kwa nini.

Rafu. Hapa ndipo unapolipa. Mafuta yakizidi uzito, tairi linapanda juu ya wimbi la kwanza na kabla halijashuka wimbi la pili limefika. Kila wimbi linalibana zaidi, mpaka gari linatembea likiwa limezama, kama halina shokapu kabisa. Dereva anadhani springi ni laini, anaongeza springi, na tatizo linakuwa mawili.

Pistoni ni njia ya kupunguza mgongano huo. Matundu makubwa na mafuta mazito hufanya kazi vizuri kwenye rafu kwa sababu shokapu haifungi ghafla kwa kasi kubwa. Matundu madogo na mafuta mepesi ni laini kwenye mwendo mdogo, lakini hukaza ghafla kwenye kishindo. Anayeruka sana hupenda la pili, anayekimbia kwenye changarawe hupenda la kwanza. Ukitoboa mwenyewe, panda milimita 0.1 tu kwa wakati: kutoka 1.6 hadi 1.7 tayari eneo limeongezeka asilimia 13. Tundu likishakuwa kubwa halirudi, kwa hiyo anza na pistoni ya akiba.

Kona. Gari linalala polepole zaidi, lakini kwenye kona ndefu litafika palepale. Inasaidia kwenye kugeuza haraka kushoto-kulia, basi.

Kazi na madhara. Hii ndiyo njia yenye kazi nyingi, na kosa dogo linaharibu yote. Fungua kofia, vuta mafuta ya zamani kwa bomba la sindano la duka la dawa na usome ujazo, ujue ununue chupa ngapi. Shokapu moja kati ya nne ikipungukiwa mililita 3 utaisikia. Safisha ndani na ukaushe. Shusha pistoni hadi chini, jaza mafuta mpaka karibu na mdomo, ipandishe na kuishusha pistoni taratibu mara kumi bila kutoka juu ya mafuta, kisha acha isimame wima dakika 10 vipovu vitoke. Ongeza mafuta hadi ukingoni, weka daiframu (kifuniko laini cha mpira kinachokaa chini ya kofia) kwa kuilaza kutoka upande mmoja ili hewa isibaki chini yake, pistoni ikiwa katikati, funga kofia na ufute kilichomwagika. Mwishowe sukuma shafti mpaka juu na uiachie: zote nne zirudi kwa kiasi kilekile.

Tumia mafuta ya silikoni. Oili ya injini hubadilika mno na joto, na oringi za silikoni huvimba zikikutana na mafuta ya petroli ya aina hiyo. Ya breki ndiyo usiguse. Hata silikoni haina msimamo kamili: namba ya chupa hupimwa kwa nyuzi 25, na mafuta ya 500 hushuka karibu robo shokapu ikifika nyuzi 40. Asubuhi ya Julai ya Dodoma, nyuzi 15 hivi, mafuta hayohayo yanazidi 600. Ndiyo sababu gari lililopangwa saa moja asubuhi huonekana limelegea saa nane mchana. Panga mafuta kwa saa unayoendesha.

Matundu madogo pamoja na mafuta mazito kwenye gari la kilo 10 yana hatari yake: shinikizo hupanda mpaka kofia ya shokapu inafyatuka au nyuzi zake zinasagika. Kofia za plastiki hazidumu hapo.

## Njia ya 3: kuhamisha shokapu kwenye matundu mengine

Njia hii haigharimu kitu, na labda kwa sababu hiyo haiheshimiwi. Magari mengi makubwa yana matundu mawili au matatu kwenye mkono na matatu au zaidi kwenye mnara (bamba linaloshika ncha za juu za shokapu).

Urefu. Rudi kwenye mfano wa mkono wa milimita 150. Toa shokapu kwenye milimita 90, ipeleke 99. Uwiano unatoka 0.6 kwenda 0.66, mraba wake kutoka 0.36 kwenda 0.4356. Hiyo ni asilimia 21 zaidi ya ugumu kwenye tairi, kwa springi ileile. Gari linainuka.

Kutua. Uzuiaji wa mafuta nao umepanda asilimia 21 kwa hesabu hiyohiyo, kwa hiyo huhitaji kubadilisha mafuta; hata unazidi kidogo kile springi ilichokuwa inadai. Hasara ni kwamba safari ya shokapu haikuongezeka, hivyo tairi limepoteza karibu asilimia 9 ya mwendo wake.

Rafu. Kupeleka ncha ya chini ndani hufanya kinyume: gari laini, mwendo mrefu zaidi, zuri kwa mawe.

Kona. Matundu ya mnara yana kazi hapa. Shokapu iliyosimama wima inajibu mara moja. Iliyolazwa kuelekea katikati ya gari huanza laini kisha ikakaza kadiri mkono unavyopanda. Nyuma ikiteleza kwenye vumbi, laza shokapu za nyuma tundu moja.

Kazi na madhara. Bolti moja au mbili kwa shokapu, dakika 20 kwa gari zima. Lakini usiendeshe kabla ya kutoa springi na kuupandisha mkono kwa mkono wako hadi juu na kuushusha hadi chini. Angalia shokapu isiguse tairi, mkono wala shafti ya tairi (ile inayozungusha tairi). Ukipeleka ncha ya chini ndani, mkono unashuka zaidi, shafti ya tairi inavutwa na pembe yake inakuwa kali. Ikichomoka ukiwa umekanyaga moto inavunja kikombe chake. Pia pande mbili zifanane. Inashangaza mara ngapi gari "linalovuta kushoto" lina shokapu moja iliyobaki tundu la zamani.

## Na stabilaiza?

Ni waya unaounganisha mikono ya kushoto na kulia. Inazuia kulala kwenye kona bila kukaza gari likitua sawa. Ugumu wake nao hufuata nguvu ya nne: waya wa milimita 3 ni mara mbili ya ule wa 2.5. Kwa ardhi ngumu iliyosawazishwa inafaa. Kwa mawe ni mzigo, kwa sababu tairi moja likipanda linavuta lile la upande wa pili.

## Kwa hali yako

Umeongeza mzigo nyuma na makalio yamekaa chini, mengine yako sawa: jaribu kwanza tundu la nje kwenye mikono ya nyuma. Gari likikaa vizuri na hukosi mwendo wa tairi, umemaliza bure. Mwendo ukipungua mno, rudisha na uagize springi za nyuma pekee, ngumu kwa asilimia 20 hivi, na mafuta yake.

Unaruka mara kwa mara na tumbo linagonga, ila gari likisimama liko kwenye urefu mzuri: mafuta, hatua moja. Likigonga bado, pistoni yenye matundu madogo kabla ya kupanda hatua ya tatu, na kofia za alumini. Tafuta pia sehemu ya kutua yenye mteremko. Na uachie moto kabla matairi hayajagusa ardhi, vinginevyo difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi) ndiyo itakayoumia.

Unakimbia kwenye barabara ya changarawe na gari linaelea: usikaze kitu. Punguza mafuta cSt 100, legeza nati za springi mpaka gari lizame karibu theluthi ya mwendo wake, jaribu tena.

Unapanda mawe: tundu la ndani, mafuta mepesi, stabilaiza nje, na macho kwenye pembe ya shafti ya tairi.

Gari linapinduka kwenye kona za ardhi ngumu: shusha gari milimita 5 kwanza. Halafu stabilaiza, au shokapu wima zaidi mbele.

Hujui tatizo ni nini hasa: anza na matundu, badilisha kimoja kwa wakati, betri moja nzima kwa kila badiliko, na uandike namba za matundu kwenye kipande cha tepu chini ya bodi.

Kuanzia Desemba, ukiendesha kwenye tope jeusi, usipange chochote siku hiyo. Tope likishika ndani ya rimu linaongeza uzito ambao springi haiubebi, matairi yanakuwa mazito kushuka na kila mafuta yataonekana mabaya. Osha, kausha, pakaza grisi ya silikoni kwenye shafti za shokapu, upime tena kwa mzani gari likiwa kavu.